Blanketi pekee haliilindi kompyuta safarini

Mtu akihama Mbeya kwenda Dar es Salaam na kompyuta ya mezani, safari ya zaidi ya kilomita 800, huambiwa: "Izungushie blanketi, itupie kwenye buti la basi, itafika salama." Si kweli. Blanketi huzuia kasha lisichubuke tu. Kinachovunjika kiko ndani.

Fungua ubavu wa kasha utazame. Kadi ya picha, yaani kifaa kinachotengeneza picha za skrini, hasa ile kubwa ya kuchezea gemu, imeshikwa na skrubu moja au mbili kwa nyuma, na chini imechomekwa kwenye tundu jembamba la ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote. Upande wa pili inaning'inia. Basi likiruka matuta au likishuka zile kona za mlima Kitonga, Iringa, uzito huo wote hulivuta tundu, na tundu likipasuka umepoteza ubao mzima. Inauma sana. Kwa hiyo ichomoe kadi: legeza skrubu, bonyeza klipu iliyo mwishoni mwa tundu, usiivute kabla haijaachia. Isafiri mkononi mwako, ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli. Feni kubwa ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nayo ni vyema itolewe.

Kasha lilaze ubao mama ukiwa chini. Skrini isimame wima. Ukifika, kagua kila waya kabla ya kuwasha.