Paka hatoki nje, utitiri wa masikioni umeingia wapi?

"Daktari, paka wangu hatoki nje." Maneno haya nayasikia karibu kila ninapotoa uchafu mweusi sikioni mwa paka anayeishi ghorofani. Mwenye paka anashangaa kwelikweli: madirisha yana wavu, chakula ni cha dukani, mchanga wa choo hubadilishwa kila siku. Wadudu wametokea wapi?

Mara nyingi walikuja naye. Utitiri wa masikioni, Otodectes cynotis kwa jina la kitaalamu, hauruki wala haupeperuki. Huhama wanyama wanapogusana, na hakuna kugusana kuzidi kule kwa mama paka na watoto wake wanaonyonya. Kitoto kilichookotwa sokoni au kilichoombwa kwa jirani huweza kuingia nyumbani tayari kimebeba wadudu hao, na paka wengi wa mijini kwetu asili yao ndiyo hiyo. Si aibu. Dalili zikichelewa kuonekana, mwenyewe hudhani ugonjwa umeanzia sebuleni kwake. Njia nyingine ni mbwa wa nyumbani, kwa kuwa mdudu ni huyohuyo, au paka mgeni, au yule wa mtaani anayekuja kusuguana na wako kwenye nondo za dirisha. Kwa siku kadhaa mdudu huweza kuishi nje ya mwili wa mnyama, kwa hiyo kikapu cha kuazima na brashi ya paka mwingine navyo vinahesabika.

Yai huanguliwa baada ya siku 4 hivi. Hutoka buu mwenye miguu 6, hupitia hatua mbili za ukuaji, na ndani ya wiki 3 anakuwa mdudu mzima wa miguu 8 anayeweza kuishi miezi 2. Hachimbi ngozi. Anatembea juu yake ndani ya tundu la sikio, akila nta, magamba ya ngozi na majimaji. Muwasho hutokana na kutembea huko, na pia mwili wa paka kuyakataa mate ya mdudu. Ndiyo maana paka mmoja mwenye wadudu wachache hujikuna hadi damu, na mwingine aliyejaa hata hatikisi kichwa.

Nikiulizwa kama paka anaumia kweli, humtaja Robert Lopez, daktari wa mifugo wa Westport, jimbo la New York. Alitoa utitiri sikioni mwa paka akautia sikioni mwake, kisha akarudia tena na tena, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1993 katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani. Alisikia sauti za kukwaruza na kutembea, akapata muwasho na maumivu, na usiku ndipo wadudu walipochachamaa, hata usingizi ukawa shida. Mwaka 1994 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza, kisha zikafikirisha. Mimi sicheki. Paka anayeamka usiku wa manane na kupigapiga kichwa hana namna ya kutueleza anayoyasikia, na huyu bwana ametueleza.

Lakini si kila sikio jeusi lina utitiri, na hapa ndipo watu hupoteza fedha na muda. Kwa kitoto chenye uchafu mkavu unaofanana na mashapo ya kahawa katika masikio yote mawili, na ambaye ukilisugua sikio mguu wa nyuma unaanza kukuna hewa, naufikiria utitiri kwanza. Kwa paka wa miaka 7 aliyeishi peke yake tangu utotoni, naufikiria mwisho. Huyo huenda ana fangasi wa jamii ya hamira, au bakteria, na nyuma yao kukawa na mzio wa chakula au wa viroboto. (Viroboto navyo huingia hadi ghorofani, kwa kupitia wanyama wengine.) Sikio moja tu likisumbua kwa paka kijana, tena anakoroma au kupiga chafya, namtafutia kinyama kilichoota ndani. Kwa mzee nahofia uvimbe wa tezi za nta.

Jibu hutolewa na hadubini. Uchafu kidogo, tone la mafuta, kipande cha kioo, na utitiri ukiwepo utauona ukitembea. Ni kipimo cha dakika chache, na ningeomba kila mwenye paka akidai kabla ya kuandikiwa dawa.

Kingo za sikio nazo tuziangalie. Magamba mazito yanayoanzia kwenye kingo na kuenea usoni ni upele wa Notoedres cati, mdudu mwingine kabisa, anayechimba ngozi na anayeweza kuwawasha watu wa nyumbani pia. Paka mweupe anayeota jua barazani, akiwa na wekundu na kigaga kisichopona kwenye ncha ya sikio, anaweza kuwa anaanza saratani ya ngozi. Huyo aletwe mapema.

Utitiri wenyewe hutibika vizuri. Tunasafisha sikio, kisha tunatoa dawa kama selamectin, inayodondoshwa kwenye ngozi ya shingo mahali asipoweza kulamba. Wanyama wote wa nyumba hiyo hutibiwa pamoja, hata asiyejikuna. Ukimwacha mmoja, wadudu watarudi kwa wenzake. Mafuta ya nazi hulainisha nta, ila msiyategemee kumaliza mayai. Vijiti vya pamba viacheni, maana husukuma uchafu ndani zaidi.

Kinachonitia hofu kuliko utitiri ni dawa zinazonunuliwa kwenye maduka ya pembejeo. Poda ya mbwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe mara nyingi zina permethrin au cypermethrin, sumu za kuua wadudu. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrin kama la mbwa, na paka aliyepakwa huanza kutetemeka, akapata degedege, na wengine hufa. Sindano ya ivermectin ya ng'ombe ina miligramu 10 katika kila mililita. Kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, kitoto cha kilo moja kingehitaji mililita 0.02, kiasi ambacho hakuna mkono unaoweza kukikadiria kwa macho. Dawa ya masikio ya binadamu nayo, ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, inaweza kumfanya paka kiziwi. Msitie kitu chochote kabla sikio halijachunguliwa.

Sikio lililofura ghafla na kuwa laini limejaa damu, kwa sababu mshipa umepasuka kwa kujikuna. Mlete siku hiyohiyo au kesho yake. Anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayezunguka mahali pamoja, au ambaye mboni ya jicho moja imekuwa ndogo kuliko ya pili, ugonjwa umeshavuka ngoma ya sikio. Huyo mlete sasa hivi, hata ikiwa ni Jumapili.