Kuwa na Asili ya Ayalandi Si Kuwa Mwayalandi

Kila ifikapo tarehe 17 Machi, siku ambayo Waayalandi humkumbuka Mtakatifu Patrick, mitandao hujaa orodha za watu mashuhuri ambao hakuna aliyewadhania kuwa na uhusiano wowote na kisiwa hicho: Muhammad Ali, Barack Obama, mwanamapinduzi Che Guevara, hata Charles de Gaulle wa Ufaransa. Orodha hizo zikifika kwetu hupunguzwa maneno ili zisomeke haraka, na kinachopunguzwa kwanza ni neno lililokuwa limebeba ukweli wote, yaani "asili". Nimekwisha kusoma mara nyingi mno kwamba Ali "alikuwa Mwayalandi" na kwamba Obama "ni Mwayalandi kwa mama". Kauli hizo mbili si kweli, na jambo la kweli lililo nyuma yake linapendeza zaidi kuliko kosa lenyewe.

Maana yenyewe ni fupi. Mtu mwenye asili ya Ayalandi ni mtu ambaye angalau mmoja wa wazee waliomtangulia, kwa upande wa baba au wa mama, alitoka Ayalandi. Kauli hiyo haisemi mtu huyo alizaliwa wapi, ni raia wa nchi gani, alilelewa katika desturi zipi, wala yeye mwenyewe anajihesabu kuwa nani. Inasema kuna mzee mmoja, na ili iwe na maana lazima anayeitoa aweze kutuambia mzee huyo ni nani na yuko mbali kiasi gani.

Umbali ndio unaosahaulika. Sisi tunazo ngazi za kuupima: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Ukizipanda kuelekea juu, idadi ya wazee huongezeka maradufu katika kila ngazi. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Anayesema "nina asili ya mahali fulani" kwa sababu ya mzazi wa mzazi wake anazungumzia mmoja kati ya wanne; anayesema hivyo kwa sababu ya mzee wa ngazi ya tano anazungumzia mmoja kati ya 32. Wote wawili wanasema kweli, lakini hawasemi jambo moja.

Tumchukue Obama, ambaye msomaji wa Afrika Mashariki anamjua kwa upande wa pili. Baba yake alitoka Kogelo, Siaya, na kwa desturi ya Wajaluo mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo kwetu swali la asili yake lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla halijaulizwa. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa Mmarekani mweupe aliyezaliwa Kansas. Baba wa Ann alikuwa Stanley Dunham. Baba wa Stanley alikuwa Ralph Dunham. Mama wa Ralph alikuwa Mary Ann Kearney. Na baba wa Mary Ann alikuwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyeondoka nyumbani mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka 19 na hatimaye akafika Ohio. Obama basi ni kilembwekeza wa Falmouth Kearney, na Kearney ni mmoja wa wale 32.

Mwaka wenyewe wa 1850 unaeleza mengi. Tangu mwaka 1845 ugonjwa ulikuwa umeharibu viazi, chakula cha maskini wa Ayalandi, na hadi njaa ilipopungua karibu mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 kisiwani. Ile ya 1851 ilihesabu kama milioni 6 na nusu. Ndiyo maana asili ya Ayalandi inapatikana katika familia za Kimarekani ambazo kwa macho hazidhaniwi kuwa nayo. Haihitaji ukoo wa kifalme wala siri yoyote, inatosha kijana mmoja aliyepanda meli kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula.

Ni vigumu vilevile kumpata kijana huyo katika maandishi, na hapa natamani wanaosambaza orodha wangetua kidogo. Sensa kamili ya zamani zaidi iliyosalia kwa kisiwa kizima ni ya 1901, kwa sababu nyingi za kabla yake ama ziliharibiwa kwa amri ya serikali, ama ziliteketea Juni 1922 wakati nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin ilipoungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anayetafuta mzee wa karne ya 19 hubaki na daftari za ubatizo na ndoa za parokia, daftari za kodi ya ardhi, na majina ya abiria wa meli. Uhusiano wa Obama na Moneygall ulijulikana mwaka 2007 tu, alipokuwa akigombea urais, baada ya daftari za kanisa kufunuliwa. Nasaba ni kazi ya ushahidi. Mahali ambapo hakuna daftari, hakuna barua, na hakuna mtu anayeweza kutaja jina la mzee, kilichopo ni tetesi.

Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kutazama jina la ukoo, na hili ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote. Ni kweli kwamba majina ya Ayalandi hutambulika kwa urahisi. Kiambishi Ó, ambacho Waingereza walikigeuza kuwa O na alama ya ritifaa, maana yake ni mjukuu au uzao wa fulani, na Mac maana yake ni mwana wa fulani. Bernardo O'Higgins, aliyeiongoza Chile tangu mwaka 1817 hadi 1823, alilipata jina lake kwa njia ya wazi kabisa: baba yake, Ambrosio O'Higgins, alizaliwa kaunti ya Sligo, akaitumikia Hispania hadi akawa mtawala wake nchini Peru. Hapo jina na damu vinakwenda pamoja. Lakini Obama alipofika Dublin tarehe 23 Mei 2011 na kuutania umati kwamba amekuja kuitafuta ritifaa yake iliyopotea njiani, kila Mkenya angeweza kueleza kwamba O ya Obama ni O ile ile ya Ochieng na Odhiambo, kiambishi cha Kijaluo cha majina ya kiume, na haina udugu wowote na O ya Waayalandi. Asili yake ya Ayalandi imepita kwa wanawake wawili, Mary Ann na Ann, na jina la Kearney liliachwa njiani vizazi vinne kabla yake.

Kinyume chake kipo pia, na ni kizito zaidi. Katika kisiwa cha Montserrat kilichoko Karibi wako watu weusi wengi wenye majina kama Riley, Farrell na Sweeney. Baadhi yao bila shaka wana mzee wa Kiayalandi. Lakini kisiwa hicho kilikuwa na mabwana wa mashamba Waayalandi waliomiliki watumwa, na mtumwa aliweza kubeba jina la bwana wake bila kuwa na tone la damu yake. Wakazi wa Montserrat huadhimisha tarehe 17 Machi pia kwa sababu siku hiyo mwaka 1768 watumwa walipanga kuwaasi mabwana hao. Kumwona mtu mwenye jina la Kiayalandi pale na kumtangaza kuwa "mwenye asili ya Ayalandi" bila kuuliza zaidi ni kuifuta historia hiyo.

Che Guevara ana somo lake katika jambo hili la majina. Kurasa nyingi humwita "Ernesto Guevara Lynch" ili jina la Kiayalandi lionekane. Hilo ni jina la baba yake. Kwa desturi ya Kihispania mtu huchukua jina la ukoo wa baba kisha la ukoo wa mama, na kwa kuwa mama wa Che alikuwa Celia de la Serna, yeye alikuwa Ernesto Guevara de la Serna. Lynch lilikuwa jina la bibi yake mzaa baba, Ana Lynch, wa uzao wa Patrick Lynch aliyezaliwa Galway mwaka 1715 na kuhamia kwenye nchi inayoitwa leo Argentina. Asili ipo, imeandikwa, na baba yake aliitaja kwa fahari. Hata hivyo akina Lynch wa Galway walikuwa mojawapo ya koo 14 za wafanyabiashara walioutawala mji huo, na nyingi za koo hizo zilitokana na Wanormani, watu wenye chimbuko la kaskazini mwa Ufaransa, walioanza kuingia Ayalandi katika karne ya 12. Anayemfuata Che hadi Galway akasimama hapo akidhani amefika mwanzo, amechagua tu mahali pa kusimama, kwa maana kila mzee aliyetoka mahali alikuwa na mzee aliyetoka kwingine. Na Che mwenyewe, alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 kwenda kupigana Kongo, alichukua jina la Kiswahili, Tatu, kwa sababu wenzake wawili walikuwa Moja na Mbili. Hakuna anayesema kwamba jina hilo lilimfanya awe mtu wa Pwani.

Muhammad Ali yuko karibu zaidi na Ayalandi kuliko Obama, na bado si Mwayalandi. Abe Grady aliondoka Ennis, kaunti ya Clare, katika miaka ya 1860, akafika Kentucky, akamwoa mwanamke mweusi aliyekuwa ameachwa huru kutoka utumwani. Mtoto wao wa kiume alimzaa Odessa Grady, na Odessa ndiye mama wa Ali. Ali basi ni kitukuu wa Abe Grady, mmoja wa wazee wanane. Inafaa kusema hapa kwamba Wamarekani weusi wengi wana wazee wa Ulaya kwa sababu ya ubakaji wa wakati wa utumwa, si kwa sababu ya ndoa, na habari za "asili ya kushangaza" huwa hazilitaji hilo. Habari ya Grady inasimulika kwa furaha kwa kuwa ilikuwa tofauti. Tarehe 1 Septemba 2009 Ali alikwenda Ennis, na mji ukamtunuku hadhi ya mtu huru wa mji, wa kwanza kupewa heshima hiyo huko. Ilikuwa heshima ya kweli, na umati ulikuwa mkubwa. Haikuwa uraia.

Uraia una mlango wake. Sheria ya Ayalandi inamruhusu mtu aliyezaliwa ng'ambo kuandikishwa kuwa raia iwapo babu au bibi yake alizaliwa kisiwani. Kitukuu hufaidika tu ikiwa mzazi wake alikwisha kuandikishwa kabla yeye hajazaliwa, jambo ambalo halikutokea kwa Odessa. Katiba yenyewe, katika ibara ya 2 iliyorekebishwa kufuatia kura ya maoni ya 1998, inawataja waliozaliwa kisiwani kuwa sehemu ya taifa, kisha kwa sentensi nyingine inasema kwamba taifa linathamini uhusiano wake wa pekee na watu wenye asili ya Kiayalandi wanaoishi ng'ambo. Waayalandi wenyewe wameyatenganisha mambo haya mawili kwa maandishi.

Kuna pia wale ambao orodha huwasahau kwa sababu asili yao si ya Ayalandi peke yake. Éamon de Valera alizaliwa New York mwaka 1882 kwa baba mwenye asili ya Kihispania, akalelewa Limerick, akawa waziri mkuu na kisha rais wa Ayalandi. Phil Lynott, mwanamuziki, alizaliwa Uingereza mwaka 1949 kwa mama wa Dublin na baba kutoka Guyana, akakulia Dublin kwa bibi yake, na leo sanamu yake imesimama katikati ya mji huo. Duke wa Wellington, jemadari wa Uingereza, kwa upande mwingine, alizaliwa Ayalandi mwaka 1769 katika ukoo wa mabwana wenye asili ya Kiingereza. Lynott alikuwa Mwayalandi, bila nyongeza yoyote, na neno hilo linamfaa kuliko linavyomfaa mtu yeyote katika orodha za Machi.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, mwakani utakapoiandaa orodha yako, usiifute habari ya Ali, kwa kuwa ni nzuri. Andika tu kwamba Muhammad Ali, bondia Mmarekani aliyezaliwa Louisville, alikuwa kitukuu wa Abe Grady wa Ennis kwa upande wa mama. Sentensi hiyo si ndefu kuliko uliyoandika mwaka huu.