Usiache mbachao: dhana potofu kuhusu furaha ndogo katika zama za trendi

Mwambie mtu aliyeperuzi simu saa nzima kwamba furaha iko kwenye mambo madogo ya kila siku, atakuangalia kama anayepewa pole. Ameona safari, nyumba mpya, harusi na miili ya watu wengine; wewe unamwambia asikilize mvua. Namwelewa, maana nami nimewahi kukaa upande huo. Lakini jambo hili nimelifuatilia kwa muda, katika tafiti na katika siku zangu mwenyewe, na naamini kwa dhati kwamba mengi tunayoyashika kuhusu furaha hizi hayana msingi. Naanza na lile linalonisumbua kuliko yote.

Dhana: Furaha ndogo ni kifuta machozi cha waliokosa kubwa

Hapana. Hizo ndogo ndizo zinazobeba mzigo. Mwaka 1991 wanasaikolojia Ed Diener, Ed Sandvik na William Pavot walijiuliza: mtu anayejiona ana furaha maishani, amefikishwa hapo na ukali wa raha anazopata, au na wingi wa nyakati anazojisikia vizuri? Jibu lao lilikuwa wingi wa nyakati. Raha kali ni adimu, na hata ikija hutoza ushuru wake: mambo ya kesho yake huonekana yamepoa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni siku ya mtu.

Utafiti wa zamani zaidi unauonyesha ushuru huo kwa karibu. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 22 walioshinda fedha nyingi kwenye bahati nasibu ya Illinois, Marekani. Waliwauliza wanafurahia kiasi gani mambo kama kuongea na rafiki, kupata kifungua kinywa, kusifiwa au kusikia kichekesho. Washindi waliyafurahia mambo hayo kidogo kuliko watu ambao hawakushinda chochote. Kundi lilikuwa dogo, na tafiti kubwa za baadaye zimeonyesha kuwa fedha humwongezea mtu kuridhika na maisha yake, kwa hiyo sisemi makubwa hayana maana. Ninachosema ni kwamba kikubwa kinaweza kukupokonya ladha ya kidogo bila wewe kujua. Trendi nazo hutuwekea makubwa ya watu mbele ya macho siku nzima. Ladha inapungua, na hayo makubwa hatujayapata.

Dhana: Wenzangu wote wanaishi vizuri, nimebaki mimi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Video ya sekunde kumi na tano ya mtu anayecheka ufukweni ina majaribio kadhaa nyuma yake, na hilo wengi tunalijua. Tusilolijua sana ni la hesabu. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alieleza kwa nini, kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Sababu yake ni nyepesi. Mtu mwenye marafiki mia moja anahesabiwa kwenye orodha za watu mia moja, na mwenye wawili anahesabiwa kwa wawili tu. Kwa hiyo popote utakapotazama, wanaojulikana sana wanajitokeza kupita idadi yao halisi.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye mitandao ya kijamii. Anayeposti mara ishirini kwa siku anakufikia mara ishirini. Anayeishi kimya, akalea watoto wake na kulala mapema, hakufikii kabisa. Juu ya hayo, programu inachagua kile kinachonasa macho zaidi. Unapojilinganisha na unachokiona pale, unajilinganisha na kipande kilichochujwa mara tatu, halafu unakiita "watu wote." Kujilinganisha kwenyewe si dhambi wala udhaifu, Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa wenzake pale anapokosa kipimo kingine. Tatizo ni kipimo tulichokabidhiwa.

Dhana: Kama nisingekuwa nafurahia, ningeacha

Hii ndiyo iliyonibadilisha mimi. Tumezoea kusikia kwamba dopamini ni "kemikali ya raha," kwamba kila taarifa inayoingia kwenye simu inatupa raha kidogo. Kazi ya Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ilionyesha jambo jingine. Yeye na wenzake walichunguza panya ambao dopamini yao ilikuwa imeharibiwa karibu yote. Panya hao hawakwenda hata kula wenyewe. Lakini walipotiwa kitu kitamu mdomoni, walijilamba kwa furaha kama panya wengine. Maana yake kutamani na kufurahia ni njia mbili tofauti ndani ya ubongo, na dopamini iko zaidi kwenye kutamani.

Ndiyo maana mtu anaweza kusogeza skrini kwa saa mbili akitafuta, akitafuta, asione kitu hata kimoja alichokipenda. Kutamani hakujafika mwisho, na ukurasa nao hauna mwisho. Aza Raskin, aliyebuni ukurasa wa namna hiyo mwaka 2006, baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Ukitaka kujipima, weka simu chini ujiulize: katika nusu saa iliyopita, ni kipi kilichonifanya nitabasamu? Mimi nilipoanza kujiuliza hivyo, siku nyingi nilikosa jibu. Sikujilaumu, ila nilihuzunika, kwa sababu nusu saa hizo zilikuwa zangu.

Dhana: Picha zinaua furaha

Inategemea unampigia nani. Tafiti zilizoongozwa na Kristin Diehl mwaka 2016 ziliona kwamba kupiga picha kunaweza kumfanya mtu azame zaidi katika anachokitazama na kukifurahia zaidi. Wenzake katika utafiti huo walipoendelea, waliona kuwa anayepiga picha ili aiweke mtandaoni hufurahia kidogo kuliko anayejipigia ya kujihifadhia, kwa sababu nusu ya akili yake tayari iko kwa watazamaji. Ua ni lilelile na kamera ni ileile. Kilichoongezeka ni macho ya watu ambao hawapo.

Dhana: Dawa ni kufuta akaunti zote

Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani waliwalipa watu wazime akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Walipata kama saa moja ya ziada kila siku, na hali yao ya moyo ikapanda, lakini kidogo. Saa ile baadhi waliitumia na ndugu na marafiki. Nyingine ilikwenda kwenye televisheni, mtu akiwa peke yake. Kufuta kunafungua nafasi, hakuijazi.

Dhana: Furaha ndogo hujileta yenyewe

Inapita, ndiyo, lakini inahitaji mtu wa kuipokea. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwafuatilia watu wazima 2,250 kupitia simu zao, wakiwauliza katikati ya shughuli wanafanya nini na wanawaza nini. Katika matokeo ya mwaka 2010, akili za watu zilikuwa mahali pengine kwa asilimia 46.9 ya nyakati walizoulizwa, na nyakati hizo furaha yao ilikuwa pungufu kuliko pale mawazo yalipokuwa kwenye kazi iliyo mikononi. Ilikuwa hivyo hata kama kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza.

Kwa hiyo trendi haituibii kicheko cha mtoto chumba cha pili, wala harufu ya nguo zilizoanikwa juani, wala maji baridi baada ya kiu. Vyote vinabaki palepale. Inachokichukua ni mawazo yetu, na bila mawazo vitu hivyo ni kelele, harufu na maji tu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako umechakaa, lakini ndio unaoukalia, na mgongo wako unaujua.

Tena tunakosea hata katika kukisia kitakachotufurahisha. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni huko Chicago wazungumze na mtu wasiyemjua. Abiria wengine walipoulizwa kukisia, walidhani safari ya namna hiyo ingekuwa mbaya kuliko ya kukaa kimya. Waliozungumza kweli ndio walioifurahia zaidi.

Dhana: Maisha ya kawaida nayo yana mtindo wake, lazima uupate

Hapa nasema kwa uchungu kidogo. Siku hizi hata utulivu umegeuzwa trendi: asubuhi tulivu yenye vikombe vinavyofanana na mapazia, daftari la shukrani lenye jalada maalum, kutembea polepole mbele ya kamera. Mtu anahisi amechelewa hata kwenye kupumzika. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliosukumwa kuithamini mno furaha waliishia kufurahia kidogo walipokuwa kwenye jambo zuri, maana walianza kujikagua na kujivunja moyo. Hata kuandika shukrani, katika utafiti wa Sonja Lyubomirsky na wenzake, kulisaidia zaidi kulipofanywa mara moja kwa wiki kuliko mara tatu. Likiwa zamu ya kila siku, ladha inaisha.

Mwaka 2014 Ting Zhang na wenzake waliwaomba watu waandike mambo waliyoyaona hayana uzito: mazungumzo ya karibuni, nyimbo walizozisikiliza, siku iliyopita bila tukio. Waliwauliza watavutiwa kiasi gani wakiyasoma baada ya miezi. Waliposoma, walivutiwa kuliko walivyokisia, na walikosea zaidi kuhusu siku ya kawaida kuliko kuhusu Siku ya Wapendanao.

Nina karatasi moja niliyoandika jioni isiyo na jambo lolote. Ina sentensi moja tu: mama amecheka kwenye simu mpaka amekosa pumzi. Alichokuwa anakicheka nimekisahau. Kicheko nakisikia kila nikiifungua.