Tairi Kubwa Haliongezi Nguvu ya Pikapu

Gereji utasikia sana kwamba pikapu ikivaa matairi makubwa inapata nguvu. Si kweli, na mwenye Hilux ajue hili kabla hajatoa pesa.

Chukua tairi la saizi ya 265/65R17. Kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukifunga 285/70R17, kinafika 831. Injini ni ileile, gia ni zilezile, ila sasa zinazungusha gurudumu refu na zito zaidi. Mlimani utashusha gia mapema, na breki zitapata kazi zaidi. Spidi mita nayo inadanganya: kama ilikuwa sahihi, sasa ikisoma 100 wewe unakimbia 107.

Na kimo? Zile milimita 55 zinainua gari nusu yake tu, kama 27, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kata usukani mpaka mwisho usikilize, mara nyingi tairi linasugua madigadi. Wengine hukimbilia rimu zilizotokeza nje, nazo zinalemea beringi.

Kama kila siku unapita mawe na makorongo, hizo milimita 27 chini ya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, zina maana kubwa. Hapo funga, lakini kwanza soma ubavuni mwa tairi uone linabeba uzito gani.