Mtoto anayeharisha hapaswi kunyimwa maji

Wazazi wengi huona kila anachokunywa mtoto anayeharisha kinatoka papo hapo, basi humpunguzia maji na maziwa ili tumbo lipumzike. Ni kosa la hatari. Virusi vya rota, chanzo kikubwa cha kuharisha kwa watoto, huharibu utando wa utumbo mwembamba, na maji na chumvi za mwili huendelea kumtoka hata tumbo likiwa tupu. Upungufu huo ndio unaoua.

Utumbo uliougua bado hufyonza sukari na chumvi zikiwa pamoja kwa kipimo sahihi, na maji huzifuata. Ndiyo kazi ya ORS, unga wa sukari na chumvi unaochanganywa na maji na kunywewa. Pakiti ya lita moja ikorogwe yote katika lita 1 kamili ya maji salama: maji yakipungua, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Kila baada ya choo cha majimaji, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100. Mkubwa zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, na wengi hukata tamaa hapa, subiri dakika 10 kisha endelea polepole, kijiko kimoja kimoja. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Kunyonya na kula viendelee. Zinki hutolewa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Antibayotiki haziui virusi.

Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu kwenye choo, apelekwe kituo cha afya mara moja.