Je, wajua kwa nini sumu ya shambani na gesi ya vita hutibiwa kwa sindano moja?

Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, kule nyuma ya Mlima Meru, amepiga dawa asubuhi nzima, bomba mgongoni, upepo ukamgeukia. Abiria wa treni ya chini ya ardhi mjini Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, alivuta sarini, gesi ya vita iliyoachiliwa na wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo. Sumu ikiwazidi, daktari ataona mambo yaleyale kwa wote wawili: mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano, mate na machozi yanachuruzika, jasho, kutapika, kuharisha, misuli inachezacheza, kifua kinakoroma kwa maji. Na wote wawili watachomwa atropini.

Ni kwa sababu sarini na baadhi ya viuatilifu ni ukoo mmoja, oganofosfati. Mwaka 1936 mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu, akaangukia tabuni, sumu ya jamii hiyohiyo. Mwaka 1938 yeye na wenzake wakapata sarini. Jeshi la nchi yake likaziona zina kazi nyingine. Kwa hiyo silaha ndiyo iliyozaliwa kwenye utafiti wa dawa za shamba, ingawa sarini ni kali mno kuliko chochote kinachouzwa duka la pembejeo.

Neva huamuru misuli na tezi kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na amri ikishafika, kimeng'enya maalumu huivunja. Oganofosfati hukishika kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Asetilikolini inarundikana, amri haiishi. Kinachoua ni pumzi: mapafu hujaa ute, njia za hewa hubana, misuli ya kupumulia hulegea.

Atropini haiondoi sumu hata chembe. Kazi yake ni kuziba vipokezi vya asetilikolini kwenye tezi, moyo na njia za hewa, ili mapafu yakauke. Hapa ndipo wengi hushangaa. Mgonjwa mwingine ambaye mapigo yake ya moyo yameshuka huenda akaanziwa miligramu 0.5 tu. Huyu mtu mzima wa sumu huanza na 1 hadi 3 kwenye mshipa, na kila baada ya dakika 5 hivi, kama kifua bado kinakoroma, kipimo huongezwa maradufu. Jumla yaweza kufika makumi ya miligramu. Kwa ampuli za miligramu 1, fikiria stoo ya kituo cha afya itabaki na nini. Daktari hafuati mboni, anasikiliza mapafu. Moyo kwenda mbio si sababu ya kuinyima dawa ikiwa kifua bado kimejaa maji.

Misuli iliyolegea atropini haiiwezi. Kuna pralidoksimu, ambayo hukifungua kimeng'enya kabla kifungo hakijakomaa. Kwa sarini kukomaa huko huchukua muda wa takriban saa 5. Kwa sumu za shamba tafiti kuhusu faida yake zimepingana. Degedege hutulizwa kwa diazepamu. Oksijeni ni lazima, na aliyeshindwa kupumua huwekwa kwenye mashine.

Tokyo ilifundisha jambo jingine. Hospitali ya St. Luke's ilipokea zaidi ya watu 600 siku hiyo, wakaingia na nguo zao zilizonyonya sumu, na baadhi ya wahudumu wakaanza kuumwa macho. Ndiyo maana mgonjwa huvuliwa nguo zote na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha avae glavu. Huko mashambani wengi hukimbilia kumnywesha maziwa. Nisiume maneno: hayazimui sumu hii, na mtu anayetapika huku fahamu zikipotea huweza kuyavuta mapafuni.

Mgonjwa akipakiwa kwenye gari, chupa ya dawa nayo ipakiwe, imefungwa kwenye mfuko na lebo yake isomeke. Si kila kiuatilifu ni oganofosfati. Dawa za jamii ya pairethroidi, kwa mfano, hazikishiki kimeng'enya kile, na matibabu yake ni mengine.