Chama cha waandishi wa mtandaoni: tutakaa mezani na nani?

Juzi kijana mmoja aliniwekea simu yake mezani. Makala 14 za kurasa mbili mbili, shilingi 300 kwa ukurasa, kazi yote imeagizwa kwa WhatsApp. Ujumbe wa mwisho wa bosi: "Mteja hajalipa, vumilia." Chini yake jumbe za kijana mwenyewe, kila moja na tiki moja ya kijivu. Amezuiwa. Akaniuliza: mbona sisi waandishi tusiunde chama cha wafanyakazi?

Mimi ni wakili wa kesi za kazi hapa Nairobi, na chama kikitajwa huwa wa kwanza kushangilia. Kwa hili natia breki.

Haki ipo. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kugoma. Kizungumkuti ni hilo neno "mfanyakazi". Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlenga aliyeajiriwa kwa mshahara, na kifungu cha 54 kinamtaka mwajiri akitambue chama kikishapata zaidi ya nusu ya watu wake wanaostahili kujiunga. Nusu ya akina nani? Kijana huyu anaandika kwa akaunti ya kukodi, yaani akaunti ya mtu mwingine kwenye tovuti ya kazi za uandishi. Mwenye akaunti yuko Rongai na anakata chake. Juu yake kuna tovuti, na juu ya tovuti kuna mteja ng'ambo. Kila mmoja atakwambia mwajiri ni yule mwingine.

Watu hunitajia wale wachujaji wa maudhui, yaani wanaopitia na kuondoa machapisho mabaya mitandaoni, zaidi ya 150 waliokutana Nairobi tarehe 1 Mei 2023 wakapiga kura ya kuunda chama. Sawa, lakini hao wanajua ofisi, zamu na meneja wa kumnyooshea kidole. Waandishi wa tovuti ya habari ya Gawker kule New York, waliojiunga na chama mwaka 2015, nao walikuwa na mwajiri mmoja. Na hata mwajiri akijulikana, mambo huharibika: mwaka 2017 waandishi wa DNAinfo na Gothamist wa New York walipiga kura yao, na wiki moja baadaye mwenye mali akazifunga tovuti zote mbili.

Kuna mtego mwingine, na huu wengi hawaujui. Usipokuwa mwajiriwa, sheria inakuona mfanyabiashara, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza wafanyabiashara kupanga bei pamoja. Kikundi kinachotangaza "hakuna kuandika chini ya 500" kinaweza kutazamwa kama wenye viwanda vya unga wanaokubaliana bei! Ulaya waliliona hilo, na mwaka 2022 Tume ya Ulaya ikatoa miongozo ya kuwakinga wanaojiajiri wenyewe. Sisi bado.

Kwa hiyo nawagawa. Mnaoingia ofisi ya mtu saa mbili asubuhi, mkatumia kompyuta zake na kupangiwa zamu, ninyi ni wafanyakazi hata mkataba ukiwaita "huru". Undeni chama, hata kesho. Wengine anzeni na ushirika. Watu kumi wanatosha kuusajili, na mteja atakutana na mkataba mmoja badala ya vijana kumi wanaoshushiana bei.

Kijana wangu tunampeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Haisikilizi migogoro ya ajira, kwa hiyo tutamdai bosi shilingi 8,400 kama mfanyabiashara anavyomdai mwenzake. Simuni amemhifadhi kwa jina la "Bosi Articles". Majina yake kamili tumeyatoa kwenye ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza.